Samaki wa mawe wapate mawe yao: shajara ya kujenga mgongo wa tangi

Jumamosi, 14 Juni 2025

Leo nimeamua. Tangi langu lina urefu wa sentimita 120, upana 45 na kimo 50, liko sebuleni hapa Tabata tangu Februari, na mgongo wake mpaka sasa ni kioo kitupu. Ukikaa kwenye kochi unaona samaki, nyuma yao unaona ukuta, soketi, na waya za pampu na hita zimening'inia. Hilo ningelivumilia. Linaloniuma ni samaki wenyewe. Nina Neolamprologus brichardi sita na Julidochromis regani wanne, wote wa Ziwa Tanganyika, ndugu zao perege. Mchana kutwa wamejibanza nyuma ya filta, rangi zimepauka, na mtu akipita karibu na kioo wanatawanyika.

Juzi nilimpigia mama, yuko Ujiji, kando ya ziwa hilo. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikamweleza. Akasema, "Hao si ndio wale wa kwenye majabali? Sasa mwanangu, samaki wa mawe umemweka uwanjani, atatulia vipi?"

Uwanjani. Neno hilo limenikaa kichwani siku mbili. Nilikuwa nafikiria mgongo wa tangi kama pambo la mtazamaji, kumbe samaki naye anautazama, tena kutwa nzima.

Si kwamba sijajaribu kitu. Mwezi Machi nilibandika manila ya bluu kwa nyuma. Ikafubaa, halafu matone ya maji yakapenya kati ya karatasi na kioo yakaacha madoa kama ramani. Aprili nikatandaza kitenge cha bluu iliyokoza, na wiki ya kwanza kilipendeza kweli. Lakini kitambaa kikigusana na kioo kinanyonya kila tone unalomwaga siku ya kubadilisha maji, na wiki ya tatu kikaanza ukungu. Anayependa kitenge akitungie fremu ya mbao, aache nafasi ya vidole viwili kati yake na kioo, kitadumu. Kwa mtu asiye na muda, rangi nyeusi ya maji inayopakwa kwa nje ya kioo cha nyuma, mikono miwili (yaani matabaka mawili) kwa rola, inatosha kabisa. Samaki wanang'aa mbele yake, na ukichoka unaikwangua kwa wembe. Mianzi na vifuu vya nazi ni vizuri kwa samaki wa mito ya maji ya rangi ya chai, ila vinaachia rangi na vinayavuta maji kwenda upande wa tindikali. Ziwa Tanganyika maji yake ni ya alkali, kinyume cha tindikali; pH yake, kipimo cha hali hiyo, iko karibu 9. Mianzi haipo huko, wala mimea si mingi kwenye majabali.

Mawe ya kweli basi? Nimepiga hesabu. Ukuta wa mawe wenye unene wa sentimita 5 tu kwa mgongo mzima unapita kilo 60, umeegemea kioo cha milimita 10. Sitalala usingizi. Kwa hiyo nitachonga mawe kwa povu lile jeupe gumu linalokuja na maboksi ya friji, nilivike saruji.

Jumamosi, 21 Juni

Povu nimelipata bure. Duka la vifaa vya umeme jirani na kazini wanalitupa kila wiki. Nimechagua vipande vyenye punje ndogo zilizoshikana sana. Lile lenye punje kubwa linamomonyoka ukilikata.

Kosa ambalo nimeliepuka kwa bahati: nilitaka kukata kipande kimoja cha sentimita 120. Kabla ya kukata nikapima mdomo wa tangi. Juu katikati kuna ubapa wa kioo unaoshikilia mbele na nyuma, na kila upande unabaki uwazi wa sentimita 52 tu. Kipande kizima kisingeingia hata kwa dawa. Kwa hiyo vipande vitatu vya sentimita 40 kila kimoja, na maungio yatafichwa kwenye nyufa za mawe. Wewe unayepanga kufanya hivi, pima mdomo kwanza, tumbo baadaye. Nimekata mfano wa maboksi, nikauingiza na kuutoa mara tatu mpaka nikaridhika.

Jumamosi, 28 Juni

Siku nzima ya kuchonga, na nimeifurahia kuliko nilivyotegemea.

Nimeweka mezani picha nilizopiga Desemba kwenye ufukwe wa Jakobsen, kusini mwa mji wa Kigoma, nilipoenda kumsalimu mama. Pale ukizamisha uso na miwani ya kuogelea, hatua chache tu kutoka ufukweni, jabali linashuka mbele yako. Nimezitazama zile picha muda mrefu kabla ya kushika kisu, nikagundua jambo ambalo kichwani mwangu halikuwepo: mawe yale hayana mabonde mabonde kama mawe ya kuchora. Yana nyuso pana, karibu bapa, halafu ghafla ufa mrefu mweusi, halafu uso mwingine ulioinama kidogo kuliko wa kwanza. Kinachofanya jicho liamini ni ule ufa. Kivuli ndiyo jiwe.

Basi nikachonga nyufa kwanza. Kisu cha mkate cha meno kwa makato makubwa, kisu chembamba cha fundi kwa kingo, brashi ya waya kwa kuparuza uso usiwe laini. Nimegandisha mawe sita juu ya vipande vya nyuma, mengine unene wa sentimita 3, mengine 12, na chini nimeacha mapango manne yenye mdomo wa kutosha vidole viwili. Julidochromis anapenda kutembea na tumbo limeelekea jiwe, hata kwenye dari ya pango anageuka juu chini. Kwa hiyo dari za mapango nimezichonga kwa uangalifu kuliko sehemu nyingine zote, ingawa hakuna mgeni atakayeziona.

Kona ya kushoto nimeiacha tupu nyuma, upana wa sentimita 12, pampu na hita zikae humo. Maji yataingia kwa nyufa za milimita 4. Maji yaliyofungiwa nyuma ya ukuta bila kuzunguka yanaoza, kwa hiyo ama uzibe kabisa pasiingie hata tone, ama uache yazunguke vizuri.

Kuna wanaoyeyusha povu kwa moto ili liwe na mikunjo. Moshi wake ni sumu. Nimefanya kidogo tu, nje uani, upepo ukinipiga kisogoni, na mwanangu nimemfungia ndani ya nyumba. Punje nyeupe zimejaa nyumba nzima, mpaka kwenye nywele zake.

Jumapili, 29 Juni

Hasara ya kwanza. Nilitaka kuweka weusi kwenye nyufa kabla ya saruji, nikachukua kopo la rangi ya kupuliza lililokuwa stoo. Nilipuliza ufa mmoja. Baada ya kama sekunde kumi ufa ukaanza kupanuka wenyewe. Povu lilikuwa linazama na kutoa sauti ndogo, kama chumvi kwenye maji ya moto, na jiwe nililolichonga kwa saa mbili likabaki shimo lenye kingo za kunata. Rangi ya kupuliza, petroli, tina, gundi ya viatu, vyote hivyo vinakula povu hili. Rangi ya maji haiwezi kulidhuru. Nililijua hilo la petroli, sikulihusisha na kopo. Nimechonga jiwe jingine usiku.

Jumamosi, 5 Julai

Saruji. Mkono wa kwanza nimeuchanganya mwepesi kama uji wa mgonjwa, nikaupaka kwa brashi ya inchi mbili, nikiusukumia kwenye kila tundu. Ulipokauka ulionekana wa kusikitisha, povu linaonekana kila mahali. Usikate tamaa hapo. Mkono wa pili mzito kidogo, wa tatu mzito kama uji wa mtoto. Kati ya mkono na mkono nimesubiri karibu siku nzima, na kila baada ya saa chache nanyunyizia maji. Saruji ikinyimwa maji mapema haishiki, inabaki unga juu ya povu, ukipitisha kidole inaondoka. Nimefunika kwa nailoni usiku.

Jumatatu, 7 Julai, Saba Saba

Sikukuu, nimeshinda uani na rangi. Nimetumia ule unga wa rangi ambao mafundi huchanganya kwenye saruji ya sakafu nyekundu, pamoja na mweusi na wa manjano. Ni oksidi ya chuma, haina madhara kwa samaki.

Mkono wa nne niliufanya karibu mweusi, wote. Jirani aliyepita akauliza kama nimeuunguza. Halafu nikaanza kurudi kutoka gizani kwenda kwenye mwanga: kahawia yenye wekundu kwa sponji lililokamuliwa, ikigusa nyuso tu bila kuingia kwenye nyufa, kisha kijivu cha saruji tupu kwenye mabega ya mawe, pale mwanga wa ziwani unapoangukia. Unagusa na kuacha, unagusa na kuacha. Ukianza kusugua, umeharibu. Kadiri nilivyogusa kidogo ndivyo mawe yalivyozidi kutoka. Saa kumi na moja jua lilipoinama, vipande vitatu vikiwa vimeegemea ukuta, nilimwita mke wangu. Akaja na ungo mkononi, akasimama, akasema, "Haya ya ufukweni kule tulipokwenda na mama." Sijaongeza hata tone baada ya hapo.

Jumamosi, 12 Julai

Vipande viko ndani ya pipa la plastiki, vimekandamizwa na matofali. Saruji mpya inaachia chokaa kwenye maji na kupandisha pH mpaka kuua samaki. Nimepima saa 24 baada ya kujaza: rangi ya kipimo imepita ile ya mwisho kwenye kadi ya pH. Nimemwaga maji, nimejaza upya. Nitarudia kila siku ya pili. Maji yanayotoka namwaga mtaroni, sio kwenye mchicha wa mke wangu.

Ijumaa, 25 Julai

Kubadilisha maji mara sita. Leo yamekaa siku mbili na kipimo kinasoma 8.6 badala ya kupita kadi. Kwa samaki wa Tanganyika hiyo ni nyumbani. Kwa wafugaji wa samaki wa maji laini, ningesema wangojee zaidi, au wapake juu yake resini isiyo na sumu.

Jumamosi, 26 Julai

Samaki wamehamia beseni kubwa barazani, pamoja na lile sponji la filta ambalo halijaoshwa, maana bakteria wanaosafisha maji wanaishi humo. Tangi limekauka tangu Alhamisi.

Fundi wa vioo wa mtaa huu, mzee anayekata vioo tangu nikiwa mdogo, amekubali kuja. Ametazama silikoni, gundi niliyonunua, akaigeuza, akasoma, akanirudishia. "Hii ni ya bafuni mwanangu. Ina dawa ya kuua ukungu. Samaki hawa utawazika." Nimerudi dukani kuchukua ile tupu ya kuungia matangi, inayonuka siki inapokauka. Tumebandika vipande vyote kwa saa mbili, tukaegemeza kwa mbao.

Jumamosi, 2 Agosti

Naandika nikiwa nimeloa.

Silikoni ilipata wiki nzima, nikajua imeshika. Nikaanza kujaza saa tatu asubuhi, taratibu, kwa bomba jembamba. Maji yalipofika sentimita 30 nikasikia sauti kama kitambaa kinachopasuka. Kipande cha katikati kilinyanyuka upande wa chini, kikasimama, kisha kikachomoka chote na kugonga ubapa wa kioo wa juu. Nilikishika kwa mikono miwili na bado kilikuwa kinanisukuma. Mke wangu ndiye aliyefunga bomba.

Ubapa haukupasuka, Mungu mkubwa.

Nimekaa chini na kalamu. Povu lote lina kama lita 28, na kila lita ya maji linayoisukuma pembeni inaliinua kwa kilo moja. Saruji niliyotumia ni kilo 9, lakini ndani ya maji uzito wake unabaki karibu nusu. Toa hiyo, toa na uzito wa povu lenyewe, unabaki na nguvu ya kupanda ya kilo 23 hivi. Ni kama nusu mfuko wa saruji, ila unavuta kwenda juu, usiku na mchana, bila kupumzika. Hesabu hii ningeipiga Juni.

Jumapili, 3 Agosti

Fundi amekuja bila kuitwa mara ya pili, habari zilimfikia. Tumekichunguza kipande pamoja. Pale silikoni iliposhika povu tupu, povu lenyewe limekatika na silikoni imebaki kwenye kioo, yaani gundi ilifanya kazi yake. Lakini kingo zote, ambako saruji ilikuwa imechuruzika na kuzunguka nyuma, silikoni imebanduka safi kama ganda la ndizi. Silikoni ya kunuka siki inatoa tindikali inapokauka, na saruji ni ya alkali. Vikikutana, vinakulana pale pale kwenye mshikamano, na gundi inabaki imelalia unga.

Dawa yake: nimesugua migongo yote kwa msasa mpaka povu tupu limetokea ukingo hadi ukingo, nikafuta vumbi kwa kitambaa kikavu. Kioo nimekikwangua kwa wembe kisibaki hata uzi wa silikoni ya zamani, maana mpya haishiki vizuri juu ya iliyokauka. Fundi akakata vipande sita vya kioo, urefu wa kidole, akavibandika kwenye kuta za tangi juu kidogo ya vipande vyangu, kama komeo. Sasa hata gundi ikilegea ukuta hauna pa kupandia. Nilimuuliza deni. Akasema nimpelekee samaki wawili watakapozaa.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimejaza kwa siku tatu, theluthi kwa siku. Hakuna sauti. Nimesukuma kwa kiganja kila jiwe, halitikisiki. pH 8.7, joto 26. Umeme ulikatika saa nne usiku, nikakaa na tochi nikilimulika tangi lisilo na samaki kutoka pembeni. Vivuli vilihama kutoka ufa hadi ufa kadiri nilivyosogeza mkono.

Jumapili, 24 Agosti

Samaki wamerudi. Niliwaachia saa sita mchana na taa imezimwa. Dakika kumi za kwanza hakuna aliyeonekana, nikadhani ni yale yale. Kisha Julidochromis mmoja akatokeza kichwa kwenye pango la pili, akapanda. Alipanda ukuta mzima, tumbo likiwa karibu kabisa na jiwe, akifuata kila mkunjo, akaingia kwenye ufa, akatoka juu yake, akapita chini ya bega la jiwe huku mgongo umeelekea chini. Hakuogelea mbali na ukuta hata mara moja. Kwenye kioo kitupu hakuwahi kufanya hivyo. Alikuwa anakaa tu.

Jumapili, 14 Septemba

Wiki tatu. Mwani wa kahawia, kisha wa kijani, umeanza kuota kwenye mabega ya mawe pale taa inapofika. Sitausugua. Unafuta kabisa alama za sponji langu, na samaki wanaudonoa kutwa. Maungio ya vipande sasa mimi mwenyewe nayatafuta.

Rangi za brichardi zimerudi: ule ukingo wa bluu na mweupe kwenye mapezi, na alama nyeusi kwenye shavu. Jina lao limetokana na Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa akisafirisha samaki wa ziwa hili kutoka Burundi. Max Poll ndiye aliyewaandika kisayansi mwaka 1974. Mtu akipita karibu na kioo hawatawanyiki tena. Wanarudi nyuma hatua moja, mgongo ukikaribia jiwe, wanakutazama.

Si yote mazuri. Wakubwa wawili wameshika kona ya kulia na wanaiona yao. Wadogo wawili wameruhusiwa kukaa nao, lakini waliobaki wanakimbizwa mpaka mapezi yamechanika. Nimepata mtu wa kuwachukua.

Jumamosi, 4 Oktoba

Asubuhi nilipowasha taa niliona vumbi limesimama mbele ya pango la tatu. Nikasogea. Vumbi lina macho.

Ni vitoto, kila kimoja kama punje ya ulezi, vimetanda karibu na jiwe, vikirukaruka kidogo kidogo. Mama yao mdomoni mwa pango, baba juu yake, na wale wadogo wawili, ambao si wazazi, wamekaa pembeni na kufukuza Julidochromis yeyote anayesogea. Brichardi ndivyo walivyo, wasaidizi wanalinda watoto wa wenzao. Nilikuwa nalifahamu kwa kusoma. Leo nimeliona likifanyika mbele ya ufa nilioukata kwa kisu cha mkate.

Tatizo jipya ni zile nyufa za milimita 4 za kona ya pampu. Vitoto viwili nimevikuta vimeshapita upande wa pili. Nimevitoa kwa bomba la sindano, nikakata sponji jembamba nikalipachika kwa ndani ya kila ufa. Maji yanapita, pampu haijalemewa.

Usiku nimehesabu kwa tochi: 19 ninavyoviona. Nimempigia mama, nikamwambia wamezaa. Akauliza wako wapi sasa hivi. Nikamwambia, kwenye mawe. Kesho nabadilisha maji robo moja tu, kwa bomba jembamba, mbali na pango la tatu.